Tamasha la trufo: kwa nini watu wazima husafiri kwenda kunusa uyoga

Kila mwaka ikifika Oktoba, video zilezile huanza kuzunguka kwenye simu. Mzee wa Kiitaliano mwenye buti za matope anamfuata mbwa msituni. Mbwa anasimama chini ya mti, anakwaruza, mzee anapiga magoti, na kinachotoka ardhini ni kitu chenye sura ya kiazi mviringo kilichokulia kati ya mawe. Maandishi yanasema kilo moja ya kitu hicho inauzwa zaidi ya shilingi milioni 10 za Tanzania.

Maoni ya watazamaji nayo hayabadiliki. Huyu anasema ni dawa ya nguvu za kiume. Yule anauliza mbegu zinapatikana wapi, maana ana heka tatu Njombe zimelala tu. Mwingine anashangaa Waislamu wanakulaje kitu kinachofukuliwa na nguruwe. Halafu yupo mwenye dada yake Torino, Italia, ameona tangazo la tamasha, na swali lake ndilo la maana kuliko yote: je, sisi watu wa mshahara tunaingia, au ni mambo ya wenye ndege zao?

Mnaingia. Ila ukienda bila kujua kinachouzwa pale ni nini, utarudi na picha nzuri na chupa ya mafuta uliyopigwa nayo bei. Kwa hiyo tuanze na kitu chenyewe.

Trufo ni uyoga unaokomaa chini ya ardhi. Uyoga tuliouzoea huchomoza juu, hukunjua mwavuli wake na kuuachia upepo kazi ya kusambaza vijimbegu. Trufo haina mwavuli na haionani na upepo. Imejificha sentimita chache chini ya udongo, mara nyingine ishirini au zaidi, na ili vijimbegu vyake vifike kwingine ni lazima mnyama aifukue, aile, kisha akaviache mbele ya safari pamoja na kinyesi. Sasa mnyama atajuaje kama kuna kitu huko chini? Kwa harufu. Ndiyo maana trufo iliyokomaa inanuka kwa nguvu inayopenya udongo, na ambayo haijakomaa hainuki kitu. Hilo liweke kichwani, kwa sababu bei, mbwa, tamasha na hata utapeli wote wa trufo vinatoka hapo.

Jambo la pili: trufo haiishi peke yake. Mwili wake halisi ni nyuzi nyembamba sana zinazojizungusha kwenye mizizi ya miti kama mialoni na mipopla. Nyuzi hizo huuletea mti maji na madini kutoka sehemu ambazo mizizi haifiki, na mti nao hulipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Kile tunachokiona sokoni ni tunda tu la ushirika huo. Mti ukifa, trufo nayo imekwisha. Usifikirie basi ule uyoga mamama unaooteshwa kwenye mifuko ya mabua gizani. Hii ni biashara nyingine kabisa.

Aina ni nyingi, lakini tatu zinatosha kukutoa gizani. Ya kwanza ni trufo nyeupe, *Tuber magnatum* kwa jina la kisayansi. Nje ina rangi ya krimu iliyochafuka, ndani ina mishipa ya rangi ya maziwa, na huchimbwa kuanzia mapukutiko, yaani majani ya miti yanapoanguka, hadi Januari hivi. Hii ndiyo inayovunja rekodi za bei. Ya pili ni nyeusi ya majira ya baridi, *Tuber melanosporum*, maarufu Ufaransa, Hispania na Italia ya kati, na msimu wake ni Desemba hadi Machi. Ya tatu ni nyeusi ya kiangazi, *Tuber aestivum*, yenye gamba la vijipele na harufu ya upole, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya nyeupe. Sehemu kubwa ya ubishi mtandaoni hutokana na mmoja kuzungumzia ya kwanza huku mwenzake kaona ya tatu kwenye duka kubwa la Nairobi. Wote wawili wanasema kweli.

Kwa nini tamasha, na si duka?

Nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, kisha urudi saa tisa alasiri. Changu ni yuleyule, muuzaji ni yuleyule, ila bei imeshuka, kwa sababu kila saa inayopita inakula thamani ya samaki. Trufo nyeupe iko hivyohivyo, tofauti ni kwamba kinachoharibika kwanza si nyama bali harufu. Tangu inapotolewa ardhini inapoteza maji na manukato kila siku, na baada ya wiki moja hivi umebaki na kitu kilichosinyaa ambacho ungeweza kukikata kwenye supu na hakuna mtu angekuuliza ni nini. Kuipika nako hakusaidii, maana moto mkali hufukuza harufu yote. Huliwa mbichi, imeparwa vipande vyembamba kama karatasi juu ya chakula cha moto.

Yupo mtu aliyelijua hilo kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa 2004 mgahawa mmoja wa London, ukishirikiana na wateja wake, ulinunua mnadani trufo moja kubwa kwa pauni 28,000. Wateja waliijia kuiangalia, ikatangazwa, ikapigwa picha. Kisha mpishi mkuu akasafiri huku imefungiwa kwenye jokofu, na aliporudi ikawa imeoza. Mabaki yake yakarudishwa Italia kuzikwa, kwa heshima zote.

Ndiyo sababu vijiji vya Italia kaskazini na kati vina matamasha ya trufo tangu zamani. Bidhaa haiwezi kumfuata mnunuzi bila kupungua, basi mnunuzi huifuata bidhaa. Kilichoanza kama gulio la wachimbaji na wapishi kikavutia watalii, watalii wakavutia wauza jibini na mvinyo, leo ni sherehe ya wiki kadhaa. Lakini ukiondoa mapambo yote, katikati yake bado kuna meza, mizani, na mtu aliyeamka usiku.

Alba

Tamasha kubwa kuliko yote liko Alba, mji wa watu kama 30,000 katika jimbo la Piemonte, kusini mwa Torino, katikati ya vilima vya mizabibu vilivyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Huanza Oktoba na kuishia karibu mwanzo wa Desemba, na shughuli zake nyingi ziko Jumamosi na Jumapili.

Aliyelijenga ni Giacomo Morra, mwenye hoteli na mgahawa pale mjini, na kwa maoni yangu huyu ndiye anayestahili kusomwa na kila anayetaka kuuza zao la kwao. Mwaka 1929 aliandaa maonyesho ya trufo ndani ya sherehe za mavuno. Wakati huo trufo ya Alba ilikuwa chakula cha kienyeji, na sifa zote za dunia zilikuwa za trufo nyeusi ya Ufaransa. Morra hakusubiri watu waje kuonja. Kila mwaka alichagua trufo bora na kumtumia mtu ambaye magazeti yangemwandika. Mwaka 1949 ilikwenda kwa Rita Hayworth, mwigizaji wa Hollywood. Mwaka 1951 ilimfikia Harry Truman, rais wa Marekani. Mbinu hiyo ikaigwa: mji wa San Miniato huko Toscana, mwaka 1954 ilipochimbwa trufo ya kilo mbili na nusu, wenyewe nao wakaipeleka Marekani, safari hii kwa Eisenhower. Kwa hiyo anayedai kuwa umaarufu wa trufo umetengenezwa yuko sahihi nusu. Umaarufu umetengenezwa. Harufu haijatengenezwa na mtu.

Soko lenyewe la Alba liko ndani ya ukumbi unaojengwa kwenye ua wa zamani katikati ya mji, na kuna kiingilio cha euro chache. Hatua kadhaa kabla ya mlango harufu imeshakupokea. Watu huieleza kwa namna tofauti: kitunguu saumu, asali, majani makavu yaliyonyeshewa, mtungi wa gesi unaovuja kidogo. Yote ni kweli, na wapo wanaotoka mbio. Meza zimepangwa, na juu ya kila moja trufo zimelazwa kwenye kitambaa, nyingine ndogo kama njugu, nyingine kubwa kama ngumi, pembeni mizani ndogo kama ya sonara. Muuzaji anaichukua moja, anaipangusa kwa brashi, anakupa uinuse. Unaruhusiwa kunusa, tena unatarajiwa kunusa. Kuibonyeza omba kwanza, na ukiruhusiwa bonyeza kwa ncha ya kidole. Iliyo nzuri ni ngumu lakini ina uhai kidogo ndani yake. Ikiwa laini kama embe lililoiva, imepitiliza. Ikinuka amonia, rudisha mezani.

Asubuhi kabla ya wateja kuingia, wakaguzi huzipitia trufo zote na kuondoa zisizofaa. Kazi hiyo ina maana kuliko inavyoonekana, kwani udanganyifu wa trufo ni wa kale. Unaojulikana zaidi ni kuziba matundu kwa udongo ili uzito uongezeke. Ukilipa euro nne kwa gramu, udongo nao unaulipia hivyohivyo.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba Alba hufanya mashindano ya punda. Mji jirani wa Asti una mbio za farasi za fahari kubwa, na miji hii miwili ina uhasama wa tangu enzi za kati, basi watu wa Alba wakaona njia bora ya kuwajibu majirani ni kuwaigiza kwa punda. Wanaojua mbio za punda wa Lamu wasitarajie kasi ile. Punda wa Alba wengi huamua katikati ya njia kwamba wamechoka, na watazamaji hushangilia zaidi hapo kuliko kwenye kushinda.

Hesabu ya sahani moja

Tuje kwenye fedha, maana ndiko maneno mengi yaliko. Bei ya trufo nyeupe hubadilika kila wiki kufuatana na mvua. Kiangazi kikiwa kikavu, msimu unakuwa mbaya na bei inaruka. Mara nyingi huchezea kati ya euro 2,000 na 5,000 kwa kilo, na miaka ya ukame, kama 2017, ilipanda zaidi ya hapo. Lakini ni nani anayenunua kilo? Sahani moja huhitaji gramu nane hadi kumi. Kwa bei ya euro 4,000 kwa kilo, gramu moja ni euro nne, na gramu nane ni euro 32. Ongeza bei ya tambi zenyewe. Ni ghali kwa mlo mmoja, hilo sipingi, ila ni mbali sana na milioni kumi za kwenye video. Migahawa mingi pale huipima trufo mbele yako kabla ya kuipara na kuipima tena baada ya kuipara, unalipia tofauti. Ukitaka mhudumu aache, mwambie aache mapema, maana mkono wake hauna huruma.

Zile bei za kutisha zinatoka mnadani. Mwaka 2007 Stanley Ho, tajiri wa makasino wa Macau, alilipa dola 330,000 kwa trufo moja ya kilo moja na nusu iliyochimbwa Toscana. Alba nayo ina mnada wake tangu 1999, katika ngome ya Grinzane Cavour, unaounganishwa na wanunuzi wa miji ya mbali kama Hong Kong. Minada hii huchangisha fedha za misaada, kwa hiyo anayepandisha dau anatoa sadaka na kununua jina kwa mkupuo mmoja. Ukiichukua bei ile ukasema ndiyo bei ya trufo, ni sawa na kukadiria bei ya keki kwa ile inayonadiwa kwenye harambee ya kanisa.

Nguruwe, mbwa na nguvu za kiume

Zamani nguruwe jike walitumika kweli kutafuta trufo. Wana pua kali na hawahitaji kufundishwa. Taabu yao ni kwamba wakiipata wanaila, na kumzuia nguruwe wa kilo mia asile alichokifukua ni kazi ambayo vidole vya wazee wengi wa Ufaransa viliilipia. Isitoshe, hutifua ardhi na kuharibu zile nyuzi nilizozitaja. Sheria ya Italia ya mwaka 1985, namba 752, inataka trufo itafutwe kwa mbwa na ichimbwe kwa kijembe kidogo cha mkono, tena shimo lifukiwe. Mchimbaji lazima afanye mtihani na awe na kitambulisho. Kwa hiyo trufo unayoikuta kwenye tamasha la Italia imetolewa na mbwa.

Kisa cha nguvu za kiume kina chanzo. Mwaka 1981 watafiti wa Ujerumani waligundua ndani ya trufo kemikali iitwayo androstenoli, ambayo pia imo kwenye mate ya nguruwe dume, na dunia nzima ikakimbilia kusema kwamba nguruwe jike anaifuata trufo akidhani ni mchumba. Hadithi tamu. Lakini mwaka 1990 Wafaransa waliifanyia majaribio: walifukia vitu mbalimbali na kumwachia nguruwe na mbwa watafute. Wanyama walikwenda kwenye harufu ya salfa, ile inayotufanya sisi tukumbuke kitunguu saumu. Androstenoli peke yake hawakuijali. Hakuna uthibitisho kwamba binadamu akila trufo anaongezewa chochote zaidi ya furaha ya mezani.

Mbwa hufundishwa tangu wadogo kwa mchezo wa kutafuta na kuzawadiwa kipande cha mkate au jibini. Kijiji cha Roddi, jirani na Alba, kina chuo cha mbwa wa trufo kilichoanzishwa na ukoo mmoja mwaka 1880, na watu wa huko wanakiita chuo kikuu bila kucheka. Aina inayosifiwa sana ni Lagotto Romagnolo, lakini wengi wa mbwa wanaofanya kazi usiku kule Piemonte ni machotara wa kawaida. Mbwa mzuri ana thamani kuliko gari la mwenye mbwa, na hapo ndipo upande mchungu wa shughuli hii ulipo: wapo wachimbaji wanaotegea sumu mbwa wa wenzao.

Siri ni kubwa kiasi kwamba wengi hutoka usiku, taa zimezimwa, wakapita njia ya mzunguko ili isijulikane mtu kaelekea wapi. Mwenye kujua mti unaozaa hamwambii hata mwanawe mpaka ajihisi mzee. Ujuzi huo wa kusoma miti, mwezi, udongo na mbwa uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2021.

Sasa jiulize: kama siri ni kubwa hivyo, vipi watalii wanapelekwa msituni kila wikendi ya tamasha? Jibu si la siri na wenyewe hulitangaza wazi. Ni maonyesho. Mzee amefukia trufo asubuhi, mbwa anaifukua mchana, nyinyi mnapiga picha. Mimi sioni ubaya wake. Mbwa anafanya kazi ya kweli na unajifunza namna anavyobadili mwendo akishanusa. Ila usirudi ukisimulia kwamba uligundua trufo.

Mbegu zinapatikana wapi?

Kwa ndugu yetu wa Njombe, habari ni nusu nzuri. Trufo nyeusi hulimwa. Miche ya mialoni hupandikizwa kuvu kwenye mizizi, hupandwa kwenye udongo wenye chokaa nyingi, kisha unasubiri miaka mitano hadi kumi, na hata baada ya kusubiri huna uhakika. Hispania imefanikiwa sana, Australia pia, na Afrika Kusini yapo mashamba yanayotoa. Inahitaji baridi ya kweli wakati wa kipupwe na chokaa ambayo udongo wetu mwekundu wenye tindikali hauna. Nyeupe ilishindikana kwa miongo mingi, mpaka watafiti wa taasisi ya kilimo ya Ufaransa, INRAE, walipotangaza mwaka 2021 kwamba wamezipata shambani nje ya makao yake ya asili. Zilikuwa chache, za kuhesabu kwa vidole. Yeyote anayekuuzia leo hapa kwetu miche ya trufo nyeupe kwa ahadi ya utajiri, muulize ameshavuna ngapi.

Cha kushangaza, uyoga wa aina hii ya maisha, unaokaa kwa ushirika na mizizi na kukataa kulimwa, tunao tele. Miti ya misitu ya miombo, kuanzia Tabora hadi Iringa na kuvuka Zambia, ina ushirika uleule. Uyoga wa rangi ya chungwa na manjano ambao akina mama huupanga kwenye sinia kando ya barabara mvua zikianza hautoki kwenye shamba la mtu. Nao una wajuzi wake wanaojua mti upi huzaa lini, nao hauwezi kusafiri mbali ukiwa mbichi. Mwenye kichwa cha Morra angekuwa ameshauandalia gulio.

Kwa wasomaji walioko Ghuba, trufo si ngeni kabisa. Ile inayouzwa kwa jina la faga au kama katika masoko ya Kuwait na Saudia baada ya mvua za vuli zenye radi ni binamu wa jangwani. Hutokea kuanzia Januari hivi, pembeni ya vichaka vidogo, na wachimbaji huitambua kwa macho, kwa nyufa na vijituta kwenye mchanga, bila mbwa. Hadithi katika Bukhari na Muslim imeitaja kuwa ni katika manna, na maji yake tiba ya jicho. Jikoni tabia yake ni tofauti: harufu yake ni ndogo, hivyo hupikwa kama mboga, mara nyingi na wali, baada ya kuoshwa mara nyingi ili mchanga utoke.

Chupa ya mafuta

Hapa ndipo wageni wengi hupigwa. Mafuta ya trufo yanayouzwa kwa wingi, na chipsi za trufo zinazotokana nayo, kwa kawaida hupata harufu yake kutoka kemikali inayotengenezwa maabara, ditiapentani, ambayo ni mojawapo tu ya nyingi zinazounda harufu ya trufo nyeupe. Kipande cheusi kinachoelea ndani ni cha macho. Si sumu, na ukiipenda ipende. Ila usiihukumu trufo kwa chipsi zile, wala usibebe chupa nyumbani ukidhani umebeba tamasha. Soma maandishi madogo: pakiandikwa manukato tu, hayo ndiyo uliyonunua.

Ukiamua kwenda

Alba inafikika kwa treni kutoka Torino, na si lazima kulala pale, maana vyumba vya wikendi za tamasha huisha mapema na bei zake zina kiburi. Nenda Jumamosi asubuhi. Mwanzo wa Oktoba kuna punda na watu wengi, lakini trufo zenyewe huwa bora Novemba, ardhi ikishapoa. San Miniato hufanya sherehe yake wikendi tatu za mwisho za Novemba, na Acqualagna, katika jimbo la Marche, mwishoni mwa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Kroatia nako, rasi ya Istria, mji wa Buzet hufungua msimu Septemba kwa kukaanga mayai zaidi ya 2,000 kwenye kikaango kimoja na kuyatilia kilo kumi za trufo, na bei za mji ule ni nafuu kuliko za Piemonte. Nyeusi ukiitaka safi, subiri baridi uende Richerenches, kusini mwa Ufaransa, ambako kuna gulio kila Jumamosi kuanzia Novemba hadi Machi, na Jumapili moja ya Januari waumini hutoa trufo kanisani badala ya sadaka ya fedha, kisha hunadiwa.

Kwenye chakula usijisumbue na orodha ndefu. Trufo nyeupe inataka mafuta na sahani isiyo na makeke. Agiza yai la kukaanga, au tambi nyembamba za mayai ziitwazo tajarin zilizopakwa siagi tu. Ziko kila mahali na hazina nyama. Sahani nyingine maarufu ya kule ni nyama mbichi ya ndama iliyokatwakatwa, na si kila mtu ataiweza.

Ukitaka kununua ya kubeba, nunua ndogo, gramu kumi na tano au ishirini, siku ya kuondoka. Ifunge kwenye karatasi ya jikoni, itie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, iweke kwenye jokofu na ubadilishe karatasi kila siku. Usiifukie kwenye mchele kama wanavyokushauri mtandaoni, mchele utakunywa maji yake. Mayai yakiwekwa kwenye chupa hiyohiyo hunyonya harufu kupitia ganda, kwa hiyo utapata milo miwili kwa trufo moja. Iliwe ndani ya siku tano. Ikibaki, ikwanguliwe kwenye siagi laini na iingie kwenye friza.